Kibao Kilichorudi Koome

Marjan Abdul-Karim hakuwa na gari. Hakuwa na nyumba Naguru, kule kilimani ambako watu huitazama mvua kupitia dirishani; yeye aliishi Bwaise, ambako mvua humfuata mtu mpaka kitandani. Hakuwa na meno mawili ya juu. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana, hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia ziwa, wala hakuwa na tabia ya kukubali kwamba ameshindwa. Mapungufu hayo yote alikuwa ameyazoea, na kama ungemhurumia angekujibu kwamba mtu aliyetimiza kila kitu hana sababu ya kuamka alfajiri. Lakini asubuhi ile ya Alhamisi aligundua kwamba kuna kitu kingine alichokuwa hana, kitu chembamba cha bati kisichozidi urefu wa kidole, na kukikosa kwake kulimfanya azunguke ua wa nyumba kama kuku aliyepotelewa na vifaranga.

Hakuwa na kibao cha injini yake.

Ilianza kwa simu ya Shamirah, bintiye mkubwa, anayeuza vipuri Nakivubo. Hakuna chuma kinachoingia Kampala bila Shamirah kukisikia.

"Baba, injini ya mashua yako ni Marukaze ya nguvu za farasi arobaini, si ndiyo?"

"Niulize pia kama mama yako anaitwa Rukiah."

"Basi kiwanda kinaziita zirudi."

"Zirudi wapi? Kwani zilitoroka?"

"Baba, hebu nisikilize!" Shamirah alikuwa akihema kwa furaha na hofu pamoja. "Shingo yake ndiyo mbovu. Ile inayoshika injini nyuma ya mashua na kuigeuza kushoto na kulia. Chuma chake kiliharibika hukohuko kiwandani. Inapasuka kwa ndani, nje huoni kitu, mpaka siku moja unakata kona kwa kasi na inakatika. Injini inajigeukia yenyewe, mashua inalala ubavu. Huko ng'ambo watu wameshazama."

Marjan alikumbuka kona zote alizowahi kukata katika ziwa lile.

"Sasa mafundi wao wamefika kwa wakala, barabara ya kwenda Port Bell. Wanabadilisha bure, Baba. Bure! Shingo mpya kabisa. Lakini mwisho ni Jumamosi saa sita mchana, kisha wanavuka kwenda Kisumu. Na kamati ya gati lenu imeshatangaza: kuanzia Jumapili, Marukaze isiyo na alama ya kijani ya mafundi haibebi abiria."

"Nakwenda sasa hivi."

"Ngoja! Si zote. Ni za namba fulani tu, zilizotengenezwa mwezi mmoja. Namba iko kwenye kibao. Nimekutumia kwenye simu, inaanzia hapa inaishia hapa. Angalia kibao chako."

"Rukiah!" Marjan aliita kabla hata hajakata simu. "Rukiah! Lete tabaga!"

Rukiah alitoka jikoni na unga mikononi. Tabaga ni ule ufuniko wa chakula wa ukindu wa rangi nyingi ambao wanawake wa Kinubi hufuma kwa mkono, na Rukiah alikuwa na moja ambayo haikuwahi kufunika chakula hata siku moja. Ilitundikwa ukutani. Ndani ya kitako chake, katikati ya ukindu mwekundu na wa kijani, alikuwa ameshona kitu miaka minne iliyopita na hajakigusa tena. Alichukua kisu akaanza kufumua polepole.

"Fanya haraka, mama!"

"Ukitaka haraka ungeoa fundi cherehani."

Kibao kikaanguka mkekani, kikilia *tin*. Marjan alikiokota, akavaa miwani, akaisoma namba tarakimu kwa tarakimu huku akilinganisha na simu. Kisha akaruka. Mzee wa umri ule, mwenye goti linalolia wakati wa masika, aliruka mpaka kofia ikadondoka.

"Imo! Imo katikati kabisa! Shingo mpya, Rukiah! Allahu akbar!"

Rukiah alikuwa akikusanya nyuzi za ukindu. "Alhamdulillahi," alisema. "Lakini hicho si kibao cha Cleopas?"

Furaha ilimtoka Marjan kama upepo unavyotoka kwenye gurudumu. Alikaa kitako.

Ilikuwa kweli. Na ili mtu aelewe kwa nini kibao cha Cleopas kilishonwa ndani ya tabaga ya mke wa Marjan, lazima aijue desturi ya gati la Ggaba. Pale wezi wa injini ni wengi kuliko kunguru. Lakini injini isiyo na kibao cha namba hainunuliki. Mwizi akiiba hiyo, ameiba nanga tu. Kwa hiyo mtu akinunua injini, siku hiyohiyo anafungua skurubu mbili anakitoa kibao. Hakiweki kwake, maana wezi wanaijua nyumba yake na watamsumbua mke wake mpaka akitoe. Anampa mwenzake akifiche, naye anaficha cha mwenzake, na hakuna ajuaye nani amemkabidhi nani. Kibao hakirudi kwa mwenyewe mpaka injini iuzwe au ife. Mzee Rajab, injini yake ilipopasuka huko kisiwani Damba mikononi mwa nahodha wake, rafiki yake alikuja asubuhi akamwekea kibao kiganjani bila kusema neno, na Rajab akaanza kulia palepale. Kibao kikirudi, watu hawaulizi.

Marjan na Cleopas walinunua injini zao siku moja, katika duka moja. Cleopas Wafula ni Mbukusu wa Kenya aliyekuja Kampala na sanduku moja la mbao, Mkristo wa kanisa lenye ngoma, mtu wa mabavu na vicheko. Marjan ni Mnubi, mjukuu wa askari, Mwislamu wa safu ya mbele. Hawakufanana kwa lolote isipokuwa injini, na injini iliwatosha. Walibadilishana vibao na wakawa ndugu.

Kisha kukawa na mashindano ya mashua ya sikukuu ya gati, miaka miwili iliyopita. Mashua ya Cleopas iliipita ya Marjan, iitwayo Subira, kwa urefu wa kasia. Marjan, ambaye tumeshasema hakuwa na tabia ya kukubali kushindwa, alitangaza mbele ya gati zima kwamba mashua ya mwenzake ilisukumwa na upepo wa vinywa vya kwaya. Watu wakacheka. Cleopas naye akajibu: "Injini ni moja, mzee. Tofauti ni dereva. Hiyo Subira yako ipeleke ikafuge bata!"

Tangu siku hiyo, Subira ilipong'oa nanga, kulikuwa na mtu mahali fulani gatini aliyelia *kwaak*. Marjan akaapa, mkono juu, kwamba hatasema na Cleopas mpaka Cleopas aanze. Cleopas hakuanza. Na vibao vikabaki vilivyokuwa.

"Basi nenda kamwombe kibao chako," alisema Rukiah.

"Nimeapa."

"Sawa. Mwambie injini nayo iape haitavunjika."

Marjan alikitia kibao cha Cleopas mfukoni, akampigia simu Siraje, nahodha wake, akamwambia waifungue injini ya Subira waipeleke kwa wakala. Moyoni alijiambia kwamba fundi mwenye akili ataitambua injini ya ugonjwa hata bila kibao, kama daktari anavyomtambua mgonjwa bila kitambulisho.

Uani kwa wakala kulikuwa kama siku ya mnada. Injini zilikuwa zimelazwa juu ya matairi makuukuu, wenye mashua kutoka Katosi mpaka Kasenyi wakipiga kelele, na kila aliyewekewa alama ya kijani alishangiliwa kama bwana harusi. Fundi mkuu alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Nanyama, mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Aliinama, akaiangalia injini ya Marjan, akaona matundu mawili ya skurubu mahali pa kibao.

"Ninyi watu wa Ggaba," alisema. "Injini zenu zote zina matundu kama pua."

"Ni desturi yetu, nnyabo."

"Desturi nzuri. Kibao kiko wapi?"

"Kwani huwezi kuitazama shingo tu?"

"Kwa macho haionekani. Ningekuwa na macho ya kuona ndani ya chuma, nisingekuwa hapa jua likinichoma. Nipe namba, ssebo. Ikiwa imo, naibadilisha. Ikiwa haimo, nakupa alama ya kijani, unakwenda zako. Bila namba, siwezi hili wala lile."

Siraje, mtu mzima mwenye watoto watano na maneno machache, alimsogelea Marjan sikioni.

"Mzee, kibao si unacho?"

"Nacho."

"Injini ni Marukaze. Kibao ni cha Marukaze. Matundu ni mawili, skurubu ni mbili."

Wakati huo nyuma yao umati ulilipuka kwa vigelegele. Mwenye mashua mwingine alikuwa amepata alama yake. Furaha ya watu ni kama harufu ya nyama ya kuchoma, humwingia hata aliyefunga. Mkono wa Marjan ulikwenda mfukoni wenyewe. Kabla hajajua anafanya nini, kibao kilikuwa kiganjani mwa Nanyama, naye alikuwa akiingiza namba kwenye kompyuta yake.

"Hongera, mzee! Imo!"

Siraje akapiga kofi. Fundi mwingine akaja na spana na shingo mpya, nyeusi, inayong'aa kama viatu vya polisi. Marjan aliitazama shingo ile akaipenda. Aliiona Subira ikitoka gatini Jumapili na alama ya kijani, na watu wa *kwaak* wakimeza ndimi zao.

"Nabonyeza hapa," alisema Nanyama, "na namba hii imefungwa. Huku, Kisumu, mpaka kiwandani kwenyewe, wataona imeshapona. Kila namba ina shingo yake moja."

"Na akija mtu mwingine na namba hiyohiyo?"

"Atakujaje? Namba ni ya injini moja." Alicheka. "Akija, nitamwambia injini yako ilishatengenezwa, nenda salama."

Nenda salama. Marjan alimwona Cleopas akiambiwa maneno hayo, akicheka kile kicheko chake cha tumboni, akiirudisha injini yake mbovu mashuani, akikata kona.

"Usibonyeze!" Sauti yake ilitoka kubwa mno, ua mzima ukanyamaza. "Usibonyeze, nnyabo. Kibao hiki si cha injini hii. Ni cha mtu."

Siraje alifumba macho kama aliyeona nyanya zikimwagika barabarani.

Nanyama aliondoa kidole. Hakukasirika. Alikirudisha kibao, akasema, "Basi huyo mtu mlete. Na chako kilete. Jumamosi saa sita nafunga masanduku."

Siraje alibaki kuirudisha injini Ggaba. Marjan alidandia bodaboda mpaka Nakivubo, akipenya katikati ya mikokoteni na mabunda ya mitumba, mpaka kwenye kibanda cha viatu cha Nangila, mke wa Cleopas. Kuongea na mke wa mtu, alijiambia, si kuongea na mtu.

Nangila alikuwa akibandika soli. Alipomwona alitupa kiatu chini.

"Wee! Shemeji! Miaka miwili! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu bado. Mume wako yuko wapi?"

"Kisiwani Koome. Amewapeleka watu wa mbao. Anabaki huko mpaka Jumapili asubuhi, awalete kwaya. Wanakuja kuimba kanisani kwetu, watu thelathini na ngoma zao." Akamtazama vizuri. "Kwani mmepatana?"

"Bado. Mpigie simu."

"Simu gani? Simu yake hii hapa." Aliitoa kwenye boksi la viatu. "Ziwa limeshakula simu zake mbili. Siku hizi akienda anaiacha. Lakini pale Koome yuko Obita wa duka. Mashua zinafunga mbele ya mlango wake."

Akapiga kwa Obita, akaweka sauti kubwa. Obita akaita, mtu akamwita mtu, na mwishowe kikasikika kicheko ambacho Marjan hakuwa amekisikia kwa karibu tangu siku ya bata.

"Mama Byron! Kuna nini?"

"Baba Byron, injini yako inaumwa. Shingo yake itakatika."

"Nani amesema?"

Nangila alimtazama Marjan. Marjan akanong'ona, "Mwambie ni kiwanda."

"Kiwanda," alisema Nangila.

"Mbona nasikia mtu nyuma yako? Hiyo si sauti ya kiwanda. Hiyo ni sauti ya bata."

Marjan aliinuka mzimamzima. "Mwambie bata ndiye anayeelea wengine wakizama!"

"Mwambie aendelee kuelea polepole, kama kawaida yake!"

"Mwambie ile shingo imeoza ndani!"

"Mwambie shingo yangu haijauma tangu siku ile nilipogeuka nyuma kumtafuta!"

"Nimwambie nani?" Nangila alipaza sauti. "Si mnasikiana? Banange, mmenigeuza waya wa simu!"

Wauza viatu wa pande zote mbili walikuwa wamesimama, wengine wakijishika mbavu. Marjan alimwelekea Nangila, akasema taratibu, kila neno peke yake, ili lisikike mpaka Koome: "Mwambie mafundi wako kwa wakala mpaka Jumamosi. Mwambie namba yake nimeisoma kwa macho yangu, imo. Mwambie arudi kesho, mwendo wa pole, na aje na kibao changu."

Cleopas akacheka tena.

"Sasa nimemwelewa! Niache kwaya nipeleke injini mjini, ndipo Subira ije kuwachukua watu wangu. Mwambie ujanja huu ni wa darasa la pili. Kibao chake ninacho, nimekitundika kwenye funguo zangu, kinalia vizuri kama njuga. Jumapili nakuja na kwaya, na pale kwenye mdomo wa gati nitakata ile kona yangu, wasichana wapige vigelegele. Anitazame vizuri!"

Simu ikakatika. Nangila alipiga tena. Akapiga tena. Mtandao wa Koome au betri ya Obita, kimojawapo kilikuwa kimekufa.

Watu waliokuwa wakicheka walirudi kwenye viatu vyao. Nangila alibaki ameishika simu.

"Mwanangu Byron yumo humo kwayani," alisema. "Ndiye mpiga ngoma." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Shemeji, hii shingo ni kweli?"

"Wallahi."

"Hataamini. Ukimwendea na malaika wawili atasema umewakodi."

Marjan alijua hivyo. Angekuwa yeye, angeamini? Mtu aliyemwita bata miaka miwili amletee habari kwamba Subira iache abiria? Angecheka mpaka kofia ianguke. Maneno yalikuwa yameharibika kati yao kama ile shingo, nje yanang'aa, ndani yamepasuka. Na kamati kumzuia siku ya Jumapili hakungefaa kitu, maana kona yenyewe iko kabla ya gati.

Mkono wake ulikuwa mfukoni, ukikigeuza kibao. Tarakimu alizihisi kwa kidole gumba. Ghafla alisimama.

"Una karatasi?"

"Ya kufungia viatu tu."

"Inatosha. Na bahasha?"

Alinunua bahasha kwa jirani. Akakaa juu ya gunia la kandambili, akaweka karatasi juu ya boksi, akaandika bila kufuta. Nangila alimchungulia begani.

"Si uliapa hutasema naye?"

"Niliapa kutosema. Kuandika sikuapa."

Kwa mara ya kwanza siku ile Nangila alicheka. Alipoona Marjan anakitia kibao ndani ya bahasha, aliacha kucheka. Naye alikuwa mke wa mtu wa gati. Alijua maana yake.

"Unamrudishia?"

"Akikiona hatauliza."

Nangila alichota gundi ya viatu, ile ya njano isiyoachia, akaitia kwenye kifuniko cha chupa. "Funga kwa hii. Hata ikianguka ziwani samaki hawataifungua." Lakini bodaboda alishapiga honi, na mashua ya Koome huondoka jua linapoanza kuegemea magharibi, kwa hiyo Marjan alishika bahasha mkono huu na kifuniko mkono ule, akaondoka amekaa wima kama anayebeba mayai.

Safari ile hakuwahi kuisahau. Kila shimo la barabara lilikuwa na nia ya kuimwaga ile gundi. "Polepole!" alimwambia dereva, halafu, "Haraka!" halafu tena, "Polepole, baba, polepole!" mpaka kijana wa watu akasimama akamwuliza achague moja. Ggaba walipofika mashua ya Koome ilikuwa imeshajaa, abiria wa mwisho wakibebwa mabegani kuvushwa maji ya ufukweni. Kati yao alikuwa Ayoo, mama wa Kiacholi anayenunua mukene, dagaa wa ziwa lile, huko visiwani kila wiki; mtu asiyepoteza hata sindano.

"Ayoo! Ngoja! Ayoo!"

Lakini aliyemkuta kwanza ni Siraje. Alikuwa ameketi juu ya Subira, injini imelala miguuni pake kama mbuzi aliyefungwa.

"Umekipata, mzee?"

"Kiko Koome. Kwenye funguo za Cleopas."

"Na hicho mkononi?"

"Cha kwake. Kinakwenda."

Siraje alisimama. Maneno yake machache aliyatumia yote pale. "Mzee. Kikienda hicho, huna kitu. Cha kwako kiko kwake, cha kwake kiko kwake. Atakuja, atatengenezewa yake, atakaa na funguo zake. Sisi Jumapili tunakaa mchangani tunafuga bata kweli. Fundi yuko pale mpaka Jumamosi. Kibao hiki, skurubu mbili, leo hii tumemaliza. Nani atajua?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto watano na Subira ilikuwa shamba lake. Marjan aliitazama injini, akaitazama bahasha iliyo wazi. Bati lilimulika ndani yake kidogo, kama jino.

"Siraje, umewahi kumsikia Byron akipiga ngoma?"

"Kila mtu amemsikia. Kelele tupu."

"Basi. Nataka nizisikie hizo kelele Jumapili."

Akaitoa karatasi, akaisoma mara ya mwisho, midomo ikitembea:

*Kwa Cleopas. Sisemi nawe, naandika. Kibao chako hiki hapa. Mimi na wewe tunajua kibao kinarudi lini. Injini yako imekufa, ila bado inanguruma. Sitaki kwaya yako. Subira haitakanyaga Koome mpaka wewe mwenyewe uiite. Ifunge shingo kwa kamba, usikate kona yoyote, wala ya kuringa. Wakala ni mpaka Jumamosi saa sita. Changu kilete ukipenda. Njoo polepole, ndugu yangu. Njoo kama bata. Marjan A.*

Neno "ndugu" alilitazama kitambo. Aliliacha lilivyo.

Akaikunja karatasi kukizunguka kibao, akairudisha ndani, akachovya kidole kwenye gundi ya njano, akaipaka kuanzia pembe hii mpaka pembe ile, akaikandamiza kwa kiganja juu ya ubao wa Subira. Harufu kali ilimpanda puani mpaka machozi yakamlenga. Alipoinua mkono, bahasha iliinuka nayo, imeng'ang'ania kidole. Siraje ndiye aliyemsaidia kuibandua, huku akitikisa kichwa, huku akicheka bila kutaka.

Aliingia majini na suruali yake nzuri mpaka magotini. Ayoo aliinama kutoka ubavuni mwa mashua, akaipokea, akaihisi uzito kwa vidole, akamtazama. Aliifunga kwenye pindo la kitenge, fundo juu ya fundo.

"Ni ya Cleopas," alisema Marjan. "Mkononi mwake, si kwa Obita."

"Nikimpa niseme nini, mzee?"

"Usiseme kitu."

Nahodha aliwasha injini. Mashua ilirudi nyuma, ikageuka pole, ikaelekea Koome, na kutoka mahali fulani katikati ya gati mtu ambaye hakujua lolote akalia *kwaak*. Marjan, maji yakimpiga magoti, aliinua mkono akampungia.